Siri, Amana na Faragha: Istilahi za Kumbukumbu za Umma na Taarifa za Biashara

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Tangu hapo mfasiri wa sheria hawi tena msaidizi wa msomaji asiyejua Kiingereza, bali ni mtu anayeweka neno ambalo hakimu, karani na mwananchi watashikana nalo. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza kundi moja dogo la istilahi, nalo ni lile la kumbukumbu za umma na ulinzi wa taarifa za biashara zilizomo ndani ya kumbukumbu hizo. Tumelichagua kwa kuwa neno moja, yaani siri, limebebeshwa dhana nne zisizofanana, na matokeo ya mzigo huo yanaonekana bayana katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako gesi asilia imeikutanisha ofisi ya Serikali, kampuni ya kigeni na mwanakijiji katika jalada moja.

Yafaa kwanza kueleza mambo yenyewe. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Uzalishaji wa biashara ulianza mwaka 2004, gesi ikisafirishwa kwa bomba la baharini la kilomita 25 hadi Somanga, na kutoka hapo kwa bomba la nchi kavu la kilomita 207 hadi Dar es Salaam. Mkataba wa kugawana mazao ya gesi hiyo ulitiwa saini Oktoba 2001 baina ya Serikali, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na kampuni ya PanAfrican Energy, na leseni iliyofuatana nao ilikuwa ya miaka 25. Kusini zaidi, katika maji ya kina kirefu yaliyoelekea Lindi, kampuni ya Statoil ya Norway, ambayo mwaka 2018 ilibadili jina ikaitwa Equinor, ilitia saini mkataba wa Kitalu Namba 2 mwaka 2007.

Katikati ya mwaka 2014 nyongeza ya mkataba huo wa Kitalu Namba 2, iliyotiwa saini mwaka 2012, ilivuja na kusomwa hadharani, na mjadala ukazuka iwapo mgawo wa Taifa ulikuwa umepunjwa. Novemba mwaka huo huo, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wawili wa TPDC wakamatwe kwa kutoiwasilishia mikataba 26 ya gesi na mafuta. Hoja iliyosikika kwa upande mmoja ilikuwa kwamba mikataba ni siri. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba mali ya wananchi haiwezi kuwa siri. Tunapoyatazama mabishano hayo kwa jicho la mwanaistilahi tunaona ya kwamba pande zote mbili zilitumia neno lile lile pasipo kuulizana lina maana gani.

Kumbukumbu, nyaraka na taarifa

Kabla ya kuifikia siri yenyewe, hapana budi tulijue jina la kitu kinachofichwa. Sheria ya mwaka 2002 inayosimamia eneo hili inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kumbukumbu, kwa matumizi hayo, ni maandishi yote yanayotengenezwa au kupokewa na ofisi ya umma katika kazi zake: barua, jalada, ramani, mkataba, na siku hizi hata yale yaliyomo katika kompyuta. Nyaraka ni zile kumbukumbu zilizokwisha maliza kazi yake ya kila siku zikahifadhiwa kwa thamani yake ya kudumu. Mgawanyo huo ni mzuri, ila una kasoro moja inayowasumbua walimu: nyaraka ni wingi wa waraka, na waraka ofisini ni barua inayotoka kwa mkubwa kwenda kwa wadogo wengi kwa pamoja. Mtumishi anayeambiwa "lete nyaraka za mwaka jana" aghalabu huleta nyaraka za Katibu Mkuu, wala hana kosa. Sisi tunaona ni heri kusema daima nyaraka za Taifa au nyaraka za kale pale panapokusudiwa hifadhi, na kuliacha neno nyaraka tupu liwe la barua.

Taarifa ni jambo jingine. Kumbukumbu ni chombo, taarifa ndiyo iliyomo chomboni. Mwaka 2016 zilitungwa sheria mbili kwa mkupuo, moja ya Huduma za Habari, inayohusu magazeti na utangazaji, na nyingine ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma imweleze inachokijua, nayo ofisi ikatakiwa kujibu kabla ya siku 30 kupita. Tofauti ya habari na taarifa iliyofanywa hapo inastahili kushikwa na wafasiri wote. Tena ina faida ambayo haionekani mara moja: ikiwa haki ni ya kupata taarifa, basi kinachoweza kuzuiwa nacho ni taarifa, si jalada. Karani anayelifungia kabati jalada lote kwa sababu ya ukurasa mmoja amechanganya chombo na kilichomo.

Sheria ya mwaka 2002 inaweka pia kipindi cha miaka 30 kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa kwa watu wote. Msomaji na apige hesabu. Mkataba wa mwaka 2001 hutimiza miaka 30 mwaka 2031, ilhali leseni yake ya miaka 25 hufikia ukomo mwaka 2026. Kwa njia ya hifadhi peke yake, mtu wa Songo Songo angeruhusiwa kuusoma mkataba baada ya muda wake kwisha. Kwa upande mwingine, mipango ya kujenga kiwanda cha mbolea cha KILAMCO hapo Kilwa Masoko, iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kisha kiwanda kisijengwe, imekwisha pita umri huo. Mwanafunzi wa historia apaswa kuifurahia kanuni hiyo, bali mwananchi anayeishi juu ya bomba hawezi kuitegemea.

Neno siri na mizigo yake

Siri, katika matumizi ya watu, ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane. Methali husema siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo hakuna sheria wala muhuri. Serikali ilipolichukua neno hilo ililitia maana ya pili. Chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, jambo lililowekwa katika daraja la usiri hulindwa kwa adhabu ya jinai, kwa sababu kujulikana kwake kunaweza kuidhuru nchi. Maana ya tatu ni siri ya biashara, mathalani namna ya kuchanganya dawa au hesabu za zabuni ambazo mshindani akizijua atamzidi mwenzake. Maana ya nne imekuja kwa mlango wa nyuma: mambo ya mtu binafsi, kama vile ugonjwa wake, akaunti yake, au fidia aliyolipwa.

Jalada likishapigwa muhuri wenye neno hili, mtumishi hana njia ya kujua ni maana ipi kati ya hizo nne iliyokusudiwa. Naye, kwa kuwa ni binadamu mwenye familia, huchagua ile yenye adhabu kali. Ndivyo hesabu za mauzo ya kampuni zinavyokuja kulindwa kana kwamba ni mipango ya vita. Hatusemi kuwa wote wanaofanya hivyo wana nia mbaya. Wengi wamefungwa na neno.

Zipo juhudi za kuukwepa mkanganyiko huo kwa kusema taarifa nyeti. Hatulipendelei neno hili. Unyeti haumwambii mtu ni nani atakayedhurika, na kila jambo lenye kuiudhi ofisi laweza kuitwa nyeti.

Pendekezo letu: taarifa za amana

Tuchukue mfano. Mkazi wa Somanga anaiandikia ofisi akiomba mambo manne: mkataba wa kugawana mazao, jumla ya mauzo ya gesi ya mwaka, takwimu za upimaji wa miamba chini ya bahari, na orodha ya watu waliolipwa fidia ya ardhi na kiasi alicholipwa kila mmoja. Kwa lugha tuliyonayo sasa, yote manne hujibiwa kwa neno moja. Kwa haki, kila moja lina jibu lake.

Takwimu za miamba zina bei. Kampuni hutumia fedha nyingi kuzikusanya, na Serikali yenyewe huziuza kwa wanaotaka kutafuta mafuta. Kuzitoa bure kwa yeyote ni kuigawa mali. Hiyo ndiyo siri ya biashara kamili, na neno hilo libaki hapo.

Jumla ya mauzo ni jambo la namna nyingine. Kampuni haikuipeleka ofisini kwa hiari, bali ilitakiwa na sheria ili kodi na ushuru vipimwe. Ofisi si mwenyewe, imewekewa tu. Kwa kitu cha namna hiyo watu wa pwani wana neno la siku nyingi, nalo ni amana. Mtu anayesafiri humwachia jirani fedha au mkufu, na jirani huyo hana ruhusa ya kuutumia wala kuuonyesha watu ovyo. Lakini pia hawezi kukana kwamba anao, na akitokea mwenye haki juu ya kitu hicho, mathalani mdai aliyethibitishwa na kadhi, amana haimzuii kupewa haki yake. Mipaka hiyo miwili, kutotangaza ovyo na kutomnyima mwenye haki, ndiyo hasa sheria inayoitafuta inapozungumzia taarifa zilizopokewa kutoka kwa mhusika wa tatu. Kwa hiyo tunapendekeza taarifa za amana kwa taarifa za biashara ambazo ofisi ya umma imezipokea kwa masharti ya kuzitunza. Tunajua kwamba mabenki yamekwisha lichukua neno amana kwa fedha za wateja. Hilo halitutishi, kwa kuwa fungu la maneno ni taarifa za amana wala si amana peke yake, na wazo lililomo katika matumizi yote mawili ni moja.

Mwenye haki yupo katika mfano wetu. Ushuru wa huduma unaokwenda kwa halmashauri za wilaya kwa miaka mingi ulihesabiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Diwani wa Kilwa asiyejua mauzo hawezi kujua kama alicholetewa ni asilimia hiyo au ni sadaka.

Na mkataba je? Hapa ndipo tunapotaka wafasiri wasimame. Mkataba si amana, kwa sababu Serikali haikuupokea kutoka kwa mtu, ila iliuandika pamoja na mwenzake na kuutia saini yake. Wala si siri ya biashara ya kampuni, kwa kuwa nusu ya maneno yake ni ya Taifa. Kifungu cha kutotangaza kilichomo ndani yake ni ahadi, na jina lake linalofaa ni ahadi ya kutotangaza. Ahadi hupimwa kwa sheria, na sheria yaweza kuishinda. Mwaka 2015 ilitungwa Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba na leseni za tasnia hiyo zitangazwe. Anayekiita kifungu hicho "siri ya mkataba" ameigeuza ahadi ya watu wawili kuwa sifa ya karatasi.

Ipo pia dalili nyingine ya kwamba neno siri halikufaa. Kampuni mama ya PanAfrican Energy, iitwayo Orca, imekuwa ikiuza hisa zake katika soko la hisa nchini Kanada, na taarifa zake za mwaka zimekuwa zikiwaeleza wenye hisa masharti makuu ya mkataba wa Songo Songo: kwamba hadi asilimia 75 ya mapato halisi yaweza kuchukuliwa kwanza kurudisha gharama, na jinsi kinachobaki kinavyogawanywa kufuatana na wingi wa mauzo. Humo humo limeelezwa shauri la ukaguzi wa TPDC wa mwaka 2011, uliozikataa gharama zipatazo dola milioni 34 za Marekani zilizokuwa zimekwisha rudishwa kati ya mwaka 2002 na 2009. Jambo linalosomwa na mwenye hisa wa Kanada likafichwa kwa diwani wa Kilwa Masoko halina tena haki ya kuitwa siri, kwa maana yoyote kati ya zile nne.

Kuathiri au kudhuru?

Majina yakishawekwa, kitenzi ndicho huamua kesi. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu taarifa izuiwe ikiwa kuitoa kutagusa vibaya maslahi halali ya kibiashara, zikiwamo haki za ubunifu, ya ofisi au ya mhusika wa tatu aliyeitoa. Tumesema "kugusa vibaya" kwa makusudi, maana kitenzi cha Kiingereza kilichomo ni kile kitumikacho kwa kuvunja haki, na kwa Kiswahili maslahi hayavunjwi. Haki huvunjwa au hukiukwa, lakini maslahi huathiriwa au hudhuriwa. Mfasiri hana budi achague, na anapochagua ameamua.

Akiandika kuathiri, amefungua mlango mpana. Kila neno linalotamkwa juu ya kampuni laweza kuathiri maslahi yake, hata la kuisifu. Akiandika kudhuru, anayezuia analazimika kuonyesha dhara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 imelimaliza jambo hili kwa kutaka dhara liwe la kiasi kikubwa, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya kisasa iliyojengwa kwa mkopo wa China itolewe kwa wananchi walioiomba. Huko Marekani mambo yalikwenda upande wa pili. Sheria yao ya mwaka 1966 ilitafsiriwa na mahakama kwa miaka mingi kuwa yahitaji ushahidi wa dhara kubwa kwa ushindani, lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu yao, katika kesi iliyolihusu gazeti la Argus Leader, iliamua kwamba yatosha taarifa iwe ni ya kibiashara na mwenyewe awe na desturi ya kuitunza kwa faragha. Nchi ile ile, kifungu kile kile, maana mbili, na wanaoomba wakapungukiwa.

Kwa kuwa sheria yetu imeongeza neno halali, na kwa kuwa imeweka maslahi ya umma katika mizani, sisi tunaunga mkono kudhuru. Tunafahamu kwamba baadhi ya wenzetu watasema mfasiri hana mamlaka ya kuibana sheria. Ni kweli, lakini hana pia mamlaka ya kuilegeza, na kati ya vitenzi viwili vilivyopo hakuna kisichoegemea upande.

Kutoa, kuvujisha, kusitiri

Yamebaki maneno ya vitendo. Kwa kutoa taarifa kwa njia ya sheria watu wengi sasa huandika kufichua. Neno hili lina harufu ya uovu: hufichuliwa wezi, njama na magendo. Mtumishi anayeambiwa "fichua mkataba" atajiona msaliti, na mwenye kampuni atajiona mhalifu. Tunashauri kuweka wazi kwa kitendo cha halali, kuvujisha kwa kutoa kinyume cha utaratibu, kama ilivyotokea mwaka 2014, na kufichua kubaki kwa kuanika uovu.

Kisha lipo tendo la kuzuia sehemu ya maandishi na kuitoa iliyobaki, ambalo ndilo linalowahitaji sana watumishi wa kawaida, na ambalo halina jina lililotulia. Wengine husema kufuta. Hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa anayefuta huharibu kumbukumbu, na kuharibu kumbukumbu za umma ni jinai. Kuziba kunafaa kwa tundu. Tunapendekeza kusitiri. Anayesitiri hufunika kile tu kinachostahili kufunikwa, na kila mtu huona kwamba pamefunikwa. Nakala inayotolewa iitwe nakala iliyositiriwa, na jalada lenyewe libaki zima ofisini. Yafaa pia pembeni ya kila mahali paliposititiriwa paandikwe kifungu cha sheria na mojawapo ya maneno matatu: siri ya biashara, amana, au faragha.

Faragha tumeiacha mwisho nayo ndiyo jibu la ombi la nne la mkazi wetu wa Somanga. Tangu eneo la Likong'o, katika Manispaa ya Lindi, lilipochaguliwa kwa kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, ambacho makubaliano yake ya awali yalitiwa saini Dodoma Juni 2022, suala la orodha za fidia limekuwa si la kubuni. Jumla iliyolipwa, viwango vya kila mnazi na kila mkorosho, na mwaka wa malipo ni mambo ya umma, na yawekwe wazi. Jina la mjane fulani na fedha aliyopokea si siri ya Serikali, si siri ya kampuni, wala si amana ya kampuni. Ni faragha yake, nalo ndilo jina pekee la kusitiri katika ukurasa huo.